Badiliko la biti 64: tulitengue

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Hoja zako za kutaka badiliko la DMA (njia ya kadi ya mtandao kuandika yenyewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta) libaki nimezisoma zote, na bado nasema litenguliwe kabla toleo halijatoka. Linafanya draiva yetu, programu inayoendesha kadi hizo, iiambie kerneli, kiini cha mfumo, kwamba kila kadi inafika anwani za biti 64.

Unasema kadi za zamani, zinazojua anwani za biti 32 tu, zimebaki chache. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama zingegoma tu kuwaka. Hazigomi. Zinaandika data mahali pasipo pake, kimya kimya. Kerneli ikiipa kadi bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea data) iliyoko 0x140000000, yaani kwenye GB 5, kadi ya biti 32 hudondosha biti ya juu na kuona 0x40000000, kwenye GB 1. Pakiti inatua huko juu ya chochote kilichokuwapo, labda kipande cha faili kinachosubiri kuandikwa diskini.

Na ule mstari wa "64 ikishindikana, jaribu 32" kwenye draiva hautuokoi, kwa sababu 64 haishindikani. dma_set_mask_and_coherent(), amri ya kerneli inayopanga upana wa anwani, haiiulizi kadi chochote. Inaamini inachoambiwa na draiva, inarudisha 0, basi.

Ndiyo maana kwenye mashine ya GB 2 kila kitu kinapita: hakuna anwani inayovuka biti 32. IOMMU nayo (kifaa kinachotafsiri anwani za kadi) ikiwa imewashwa inaweza kulificha kosa kwa kuipa kadi anwani za chini. Jaribu kwenye mashine ya GB 8, uiwashe na intel_iommu=off (au amd_iommu=off), vuta faili kubwa mara kadhaa, kisha linganisha sha256sum (alama ya kuthibitisha faili) za pande zote mbili. Rudia ukiwa umeongeza mem=3G, kikomo cha kumbukumbu cha GB 3. Tatizo likitoweka, ni anwani, kebo usiiguse.

Kadi mpya zitaumia, nakubali. Zitarudi kupitia swiotlb (bafa za kati kwenye anwani za chini), pakiti zinakiliwe upya na CPU ipande. Lakini kasi tutairudisha toleo lijalo. Faili ya mtu ikishaharibika, hatuna cha kumrudishia.

Kwenye git revert (amri ya kutengua badiliko), usiache maneno yanayoandikwa na git peke yake. Eleza dalili, na uweke mstari wa Fixes:, unaotaja badiliko lenye kosa, pamoja na herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko. Ikigongana na mabadiliko ya baadaye, usilazimishe. Rudisha DMA_BIT_MASK(64) iwe 32, kiraka cha mstari mmoja kinatosha.

Baada ya hapo tuongeze upana wa anwani kwenye jedwali la draiva la vitambulisho vya PCI (namba zinazotambulisha kila aina ya kadi): 32 kwa kila kadi, 64 kwa zile tu ambazo nyaraka zake zinathibitisha. Angalia na namba ya rev, maana kitambulisho kimoja kinaweza kubeba matoleo mawili ya chipu yasiyolingana.

Nitumie matokeo ya lspci -nn (amri inayoorodhesha kadi na vitambulisho vyake) ya kila kadi uliyo nayo, nianze kulijaza jedwali.

Wako,
Nduguyo