Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Binti yangu ameambiwa "atafute"

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Salaam. Barua ya mwananchi hupitia kwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, na nyingine hulala hukohuko njiani. Hii nimeona niiache wazi, kila mtu aisome, ila wewe ndiye ninayekuandikia.

Januari binti yangu alianza kidato cha kwanza katika sekondari yetu ya kata. Ana miaka 14. Shule ya msingi alikuwa kiranja wa kengele, anafokea hadi wavulana wakubwa. Kutoka nyumbani hadi sekondari ni kilomita 9, na katikati kuna korongo ambalo mvua ikinyesha huko juu halipitiki. Kwa hiyo tukafanya wanachofanya wazazi wote wa vijiji vya mbali: tukampangia chumba karibu na shule. Wenyewe wanakiita geto. Wamo wanne, yeye ndiye njuka, wenzake ni wa kidato cha pili na cha tatu. Mtu mzima hayupo.

Wiki ya tano alirudi Jumamosi, akakaa jikoni anachambua maharage, kimya. Mwishowe akasema, "Mama, wenzangu wanasema na mimi nitafute."

"Utafute nini?"

Akainama.

Nilichukua muda kuyatoa yote. Kila Ijumaa jioni geto lina mchango: ya mboga, ya sabuni, ya vocha. Usipokuwa nayo mara ya kwanza unakula tu na wenzako. Ya pili unachekwa. Ya tatu unaambiwa utafute, na wote wanajua inakotafutwa: kwenye kijiwe cha bodaboda, au kwa yule mwenye kibanda cha simu. Hakuna anayemshika mtoto mkono. Anaitwa mshamba, mtoto wa mama. Siku moja anapewa lifti ya bure, siku nyingine chipsi mayai, na kuanzia hapo ni deni.

Jumapili yake nilifunga safari na kanga kiunoni, nikawaseme hao wasichana. Nikarudi sina maneno. Aliyemwambia mwanangu atafute ndiye aliyemkanda kwa maji usiku kucha alipougua malaria. Ndiye pia anayemfafanulia madaftari, maana mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili leo hata ruhusa ya kwenda chooni anaiomba kwa Kiingereza. Bila huyo dada angekuwa bubu darasani. Kwenye vikao vya wazazi tunaambiwa tuwakanye watoto waepuke makundi mabaya. Ndugu Mkurugenzi, hilo kundi ndilo chumba chake. Akiliacha atalala wapi?

Nami nimekuwa msichana. Nilitobolewa sikio tundu la pili nyuma ya choo cha shule, kwa mwiba wa mlimau, ili nifanane na wenzangu. Likatunga usaha mwezi mzima na mama yangu sikumwambia. Kwa hiyo sishangai binti kutaka kufanana. Ninachoogopa ni bei ya kufanana siku hizi.

Na tazama hiyo Januari yenyewe. Huku kwetu Singida huo ndio mwezi wa kupanda alizeti. Pesa yake tunaiona baada ya mavuno, mwezi wa tano au wa sita. Mtoto anaingia sekondari ghala likiwa tupu na mfuko mtupu. Ada ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, Serikali iliifuta mwaka 2016 na tulishukuru kwa dhati. Lakini kodi ya geto ni 5,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Ndani ya miezi minne ada ile imeshalipwa kwa mwenye nyumba, na hapo hujanunua mkaa.

Najua sheria ipo. Anayempa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, kila mtu hapa anaijua, na vijana wa kijiweni wanaitaja wakicheka. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, nalo ni jema. Ila vyote viwili vinafika baada ya Ijumaa ile. Mimi natafuta cha kabla.

Kipo, na wewe unakijua. Wananchi tulijenga boma la hosteli ya wasichana ndani ya eneo la shule. Tulisomba mchanga na mawe kwa vichwa vyetu, wajawazito nao wakileta maji. Limefika kwenye lenta, likasimama linasubiri fedha za Halmashauri. Sasa ndani yake mmeota mibono. Naomba liwekwe kwenye bajeti ijayo: bati, milango, na matroni wa kulala nao. Kitanda watoto wabebe wenyewe, hatutalalamika.

Wakati tukingoja, mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi. Mama wa watu anafundisha Hisabati madarasa yote manne. Ataongea na njuka saa ngapi? Apewe hata alasiri mbili kwa wiki, azungukie mageto. Na chakula cha mchana shuleni, wazazi wa mbali turuhusiwe kuchangia kwa mahindi na maharage badala ya pesa, kwa debe, tulipe tukivuna. Mtoto aliyeshiba saa saba mchango wa mboga haumtishi sana.

Mwanangu hajatafuta bado. Kila wiki namtumia 2,000 kwa dereva wa basi, kabla ya Ijumaa. Wiki iliyopita nilikopa.

Ukija kukagua, tafadhali njoo Ijumaa jioni. Usiende shuleni kwanza. Pita kwenye mageto nyuma ya mashine ya kukoboa, uwakute wanahesabu mchango. Halafu vuka barabara ukaone boma. Huhitaji kumsumbua mtu akutafutie ufunguo, halina mlango.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa njuka