Risala ya Kikundi cha Akina Mama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Kikoba, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Wazee wetu, majirani na wanakikundi wenzangu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za mchana.

Tunakushukuru kwa kuja. Tunajua Jumamosi ni siku ya harusi na misiba, na wewe unaalikwa kote.

Kikundi chetu kina wanachama 28. Wengi tuna magenge, wachache wanashona, wawili wanauza samaki wa Feri. Leo tunavunja kikoba, yaani tunagawana akiba tuliyoweka pamoja. Sanduku unaliona hapo mbele: lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Kila Jumapili mweka hazina husoma daftari kwa sauti, jina kwa jina: hisa, mkopo, faini. Aliyechelewa hutajwa mbele ya wote, hata akiwa mwenyekiti. (Mwaka huu ametajwa mara mbili.)

Tumeanza na sanduku kwa sababu hatukukuita tukuombe viti wala maturubai. Tunachoomba ni daftari.

Mwezi wa tatu bomba kubwa lilipasuka pale kona ya msikiti. Maji yalimwagika usiku na mchana kwa wiki sita, watoto wakawa wanaogelea barabarani, huku majumbani mabomba yanakoroma tu. Mita zetu, Mheshimiwa, zilizunguka kwa upepo, na ankara zikaingia kwenye simu kama kawaida. Tukawa tunanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Madumu 50 ndiyo uniti moja. Piga hesabu: shilingi 25,000, kwa maji ambayo bei yake ya bombani haifiki hata robo ya hiyo. Tulipiga simu, tukajibiwa kwa upole kabisa kwamba mafundi wako njiani. Njia hiyo ilikuwa ndefu. Mama mmoja alipiga mara tisa, na kila anayepokea alianza upya kumuuliza jina la mtaa. Namba ya taarifa hakupewa hata siku moja.

Hapo ndipo tulipokwama. EWURA, mamlaka ya udhibiti, ipo kisheria kusimamia huduma za maji na umeme, na mteja asiporidhika anaweza kupeleka malalamiko yake huko, ila aanze kwanza kwa mtoa huduma. Sasa kama huko hakuna aliyeandika popote kwamba ulilalamika, utasema ulianzia wapi?

Umeme tuseme kwa kifupi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Jengo ni la mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Kati yetu hakuna aliyewahi kurudishiwa, na wa kumuuliza hatumjui.

Lililotuumiza zaidi ni hili. Mwenzetu mmoja, yupo hapa na sitamtaja, aliachwa na mtoto wa miezi saba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto huyo haki ya matunzo. Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Mara ya kwanza ofisa yuko semina. Mara ya pili baba wa mtoto kaitwa, hakutokea. Mara ya tatu jalada halionekani, akaambiwa aeleze upya, mtoto mgongoni, foleni nzima inasikiliza. Ofisa hatumlaumu, ni mmoja na watu ni wengi, mafaili tuliyaona yamejaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Lakini mwenzetu alipigwa kalenda miezi minne. Mtoto hakusubiri, ameshaanza kutembea.

Linganisha na sisi tunapodaiwa. Kikundi hiki kina mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake. Rejesho likichelewa siku tatu, simu inalia, na deni linajulikana mpaka shilingi ya mwisho. Kumbe kuandika kunawezekana.

Na sisi hatuko safi. Wapo miongoni mwetu waliojiunganishia maji kinyemela. Katibu msaidizi aliniomba nifute mstari huu, nimeuacha.

Ombi letu: kwenye ubao wa ofisi ya Serikali ya Mtaa, pale yanapobandikwa matangazo ya chanjo, ibandikwe kila mwezi karatasi moja. Taarifa gani imepokelewa, lini, namba yake, nani anaishughulikia, imefikia wapi. Mambo ya familia yaandikwe kwa namba tu, bila majina. Kisha isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeshatupa njia ya kuuliza. Tunachotaka ni majibu kutukuta ubaoni kabla hatujaandika barua.

Mheshimiwa, pilau iko tayari na zawadi yako ipo. Kabla ya hapo mweka hazina atakuletea daftari letu. Ukurasa wa mwisho tumeandika malalamiko 11 ya mtaa huu, na chini tumeacha nafasi ya jina la aliyepokea, sahihi na tarehe. Kalamu imo sandukuni. Wenye funguo naomba mje mbele.

Tunaomba kuwasilisha.