Kwa Nini Tunatoza Uchunguzi Hata Pale Ambapo Hatukubadilisha Kipuri

Mteja mmoja alikuja kuchukua kompyuta yake ya mezani ikiwa inafanya kazi vizuri, akasoma risiti akiwa bado amesimama kaunta, kisha akaondoka bila kuaga. Risiti ilisema kwamba hakuna kipuri kilichobadilishwa na kwamba malipo yote yalikuwa ya uchunguzi. Kesho yake alituandikia ujumbe mrefu akisema kwamba tumemtoza fedha nyingi kwa kutoa kiguzo kimoja cha chuma kilichokuwa chini ya mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipuri vyote, kazi ambayo hata yeye angeweza kuifanya kwa bisibisi yake ya nyumbani. Hakuwa wa kwanza. Lalamiko hili hutufikia mara kwa mara, tena kwa maneno yanayokaribia kufanana, na kwa kuwa linagusa uaminifu wetu tumeona ni haki yenu tuwaeleze kwa urefu kinachofanyika tangu kompyuta inapowekwa mezani kwetu hadi inaporudishwa mikononi mwa mwenyewe.

Kompyuta ile aliiunganisha yeye mwenyewe kutoka kwenye vipuri, na vipuri alivichagua vizuri. Tatizo lake lilikuwa kujizima bila onyo, mara baada ya saa moja, mara baada ya dakika kumi, na ikishazima haiwaki tena mpaka isogezwe au ilazwe. Kabla ya kutuletea alikwisha kununua pawa saplai mpya, yaani kipuri kinachogawa umeme, kwa ushauri wa rafiki, kisha RAM mpya, yaani kumbukumbu ya muda, kwa ushauri wa rafiki mwingine. Kila aliponunua kipuri ilimlazimu ailaze kompyuta ili akifunge, akaiwasha ikiwa imelala, ikakaa vizuri, akaamini kwamba amepona; alipoisimamisha na kuirudisha chini ya meza, usiku ule ule ikazima tena.

Sisi tuliitoa mazabodi nje ya kasha, tukaitandika juu ya boksi lake la karatasi ngumu, tukaiendesha usiku kucha kwa programu zinazoibebesha prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na kadi ya grafiki, inayochora picha za skrini, mzigo mzito kwa pamoja. Haikuzima. Tukapima RAM kwa programu ya MemTest86 mizunguko minne, halikutokea kosa hata moja. Tukapima umeme wa pawa saplai chini ya mzigo: laini ya volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, na yake ilikuwa ndani ya mipaka hiyo muda wote. Tukairudisha ndani ya kasha ikiwa imelala, ikafanya kazi kutwa. Tuliposimamisha kasha, haikufika nusu saa ikazima. Hapo ndipo tulipojua kwamba kasoro haimo ndani ya kipuri chochote, bali iko pale mazabodi inapokutana na bati la kasha.

Kasha hilo awali lilikuwa na mazabodi ya kipimo kidogo kiitwacho micro-ATX, yenye milimita 244 kila upande. Mteja alihamia kwenye ATX kamili, ambayo ina milimita 305 kwa 244, na viguzo vya kushikilia mazabodi alivihamisha vyote isipokuwa kimoja cha safu ya chini ya ile bodi ndogo. Kwenye bodi kubwa hapana tundu mahali hapo, kwa hiyo kiguzo kilikuwa kimeelekea moja kwa moja kwenye nukta za risasi ya kulehemu zilizo mgongoni mwa mazabodi. Kompyuta ikilala, palikuwa na nafasi nyembamba kama karatasi. Ikisimama, kadi nzito ya grafiki iliivuta bodi, chuma kikagusa risasi, na pawa saplai ikafanya kile ambacho pawa saplai nzuri hutakiwa kufanya inapoona shoti: ikakata umeme na kukataa kuwaka. Mteja aliitupia lawama pawa saplai iliyokuwa ikimwokolea mali yake.

Kiguzo kimekwisha kutolewa, na kweli kukitoa kulichukua dakika chache. Alicholipia ni siku mbili za kuhakikisha kwamba si prosesa, si RAM, si kadi, si diski, na kwamba hatutamrudishia kompyuta ambayo ingezima tena nyumbani kwake baada ya wiki moja.

Uchunguzi wa namna hii hauna njia ya mkato, kwa sababu dalili moja huweza kuwa na mama watano. Mazabodi nyingi za sasa zina taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, yaani prosesa, RAM, kadi ya grafiki na diski ya kuwashia, na wateja wengi hutujia wakiwa wamekwisha kuamua: taa ya DRAM inawaka, basi RAM imekufa, niuzieni nyingine. Taa ile inaonyesha ni hatua gani kompyuta imekwama. Haisemi ni kipuri gani kibovu. Kidhibiti cha kumbukumbu siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe, si kwenye mazabodi kama zamani. Tumewahi kupokea kompyuta ambayo mwenyewe alikwisha kubadilisha RAM mara mbili, nasi tulipoinua prosesa tukakuta pini moja ya soketi, yaani kikalio cha prosesa, imelala ubavu. Soketi ile ni LGA1700, ina pini 1,700, nyembamba kuliko ncha ya sindano, na iliyopinda ilikuwa moja ya zile zinazopeleka mawasiliano kwenye RAM. Tuliinyoosha chini ya lenzi kwa saa nzima. RAM zake zote, za zamani na mpya, zilikuwa nzima.

Vilevile alikuja kijana aliyekuwa na mazabodi mpya ya DDR5, ambayo ni aina ya RAM, akidai ameuziwa bodi mbovu. Tulipoiwasha mbele yake tukaketi kuisubiri, skrini ilibaki nyeusi kwa dakika kadhaa kisha ikafunguka. DDR5 katika kuwaka kwake kwa mara ya kwanza huchukua muda mrefu kujipima na kujipangia mwendo wa mawasiliano na prosesa, na yeye kila ilipofika dakika moja alikuwa akiizima na kuanza upya. Kazi hiyo hatukuitoza, kwa sababu hatukufungua hata skrubu moja.

Sasa niseme juu ya njia ya mkato inayotuumiza roho zaidi kuliko zote, yaani waya za pawa saplai. Pawa saplai nyingi za leo zina waya zinazochomoka pande zote mbili. Upande unaoingia kwenye mazabodi, kwenye diski na kwenye kadi ni wa kiwango kimoja duniani kote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna kiwango. Kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine. Plagi zinafanana kwa umbo, zinaingia bila kulazimishwa, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Anabadilisha pawa saplai, anaona uvivu wa kuchomoa waya zilizokwisha kufungwa vizuri nyuma ya kasha, anaacha waya za zamani na kuzichomeka kwenye pawa saplai mpya. Volti 12 zinapita mahali ambapo diski inatarajia volti 5.

Familia moja ilituletea diski mbili zilizoungua kwa namna hiyo kwa kuwashwa mara moja tu. Humo mlikuwa na picha za watoto wao tangu walipozaliwa. Walikuja kuuliza kama zinaweza kuokolewa, na jibu letu lilikuwa kwamba kazi hiyo inahitaji maabara maalumu, kwamba gharama yake ni mara nyingi ya bei ya diski zenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kuwaahidi matokeo. Waya sahihi zilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, kwenye boksi la pawa saplai mpya, hazijafunguliwa. Tangu siku ile kila pawa saplai tunayoiuza au kuifunga tunaibandikia karatasi kwenye ubavu wake ikionya dhidi ya waya za pawa saplai nyingine, na mteja akiomba tutumie waya zake za zamani tunakataa, hata akituona wakaidi.

Hapo hapo hutokea ubishi wa bei. Mteja hupokea makadirio yetu, huona pawa saplai tuliyoiandika ni ghali kuliko aliyoiona mahali pengine yenye wati zile zile, tena ikiwa na nembo ya 80 Plus, na hudhani kwamba tunamlangua. Nembo hiyo, iliyoanza mwaka 2004, ni kipimo cha ufanisi: ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye vipuri na ni kiasi gani kinachopotea kama joto, katika mizigo kadhaa iliyowekwa. Haielezi ubora wa kapasita zilizomo, yaani vipuri vidogo vinavyotunza chaji ya umeme, wala haithibitishi kwamba kinga ya shoti na ya mkondo kupita kiasi itafanya kazi siku itakapohitajika. Sisi huangalia dhamana ya miaka mingapi mtengenezaji yuko tayari kuitoa, huangalia kama wati zilizoandikwa kwenye boksi zinapatikana kweli kwenye laini ya volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki hula hapo karibu chakula chao chote, kisha huchagua. Kile kipuri cha bei nafuu kikifa peke yake tungenyamaza. Mara nyingi tumekiona kikifa pamoja na mazabodi.

Makosa mengine ni ya haraka kueleza ingawa si ya bei ndogo. Kwenye soketi ya AM4, ya prosesa za AMD, pini 1,331 zimo kwenye prosesa, na ukikivuta kipoza joto juu kwa nguvu wakati grisi iliyo kati yake na prosesa imekauka, prosesa huchomoka nacho na pini zake kupinda. Endesha kompyuta kwanza ipate joto, izime, kisha kizungushe kipoza joto taratibu kabla ya kukiinua. Plastiki nyembamba iliyo chini ya kipoza joto kipya lazima itolewe, na bado tunaikuta. Waya wa skrini uingie kwenye kadi ya grafiki, usiingie kwenye mazabodi.

Kuhusu malipo ya kuunganisha kompyuta mpya, tunaambiwa kwamba kwenye video kazi hiyo huisha kwa nusu saa. Kufunga vipuri hakuchukui muda mrefu kwetu pia. Kinachochukua muda ni kusasisha BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, pale ambapo prosesa ni mpya kuliko mazabodi, kuwasha mwendo kamili wa RAM, ambao bila kuuchagua kwenye BIOS hubaki chini ya ule ulioandikwa kwenye boksi, kisha kupima RAM upya kwa mwendo huo kwa sababu si kila jozi huuhimili, na kuiacha kompyuta chini ya mzigo usiku mzima huku tukirekodi joto la prosesa na la kadi. Kompyuta inayozima saa nane za usiku kwenye meza yetu haitazima mbele ya mtoto anayemalizia kazi ya shule.

Tumekubali, hata hivyo, kwamba mteja yule alikuwa na haki katika jambo moja. Risiti yetu ilikuwa na mstari mmoja tu, na mtu aliyelipa siku mbili za kazi hastahili kupewa mstari mmoja. Kuanzia sasa kila kompyuta itatoka na karatasi inayoonyesha vipimo vilivyofanyika, saa vilipoanza na kuisha, na matokeo yake, pamoja na picha ya tulichokikuta. Kasoro ikigundulika ndani ya saa ya kwanza, tutatoza ya saa moja. Ikizidi hapo, tutakupigia simu kabla ya kuendelea.

Nawe unapotuletea kompyuta, ilete na waya zake zote zilizotoka kwenye boksi la pawa saplai, ilete na vipuri vya zamani ulivyovitoa hata kama unaamini ni vibovu, na utuandikie ulichokibadilisha, kwa mpangilio uleule ulioubadilisha, pamoja na ilivyokuwa kila ilipozima: ilikuwa imelala au imesimama, imetoka kuhamishwa au imekaa palepale.