Barua ya wazi kwa wifi yangu aliyeko Kongwa, kuhusu mazoezi ya macho ya mwanetu

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na kaka na watoto. Uliniuliza kama uuze yale mahindi yaliyobaki ili umlipie mwanetu mazoezi ya macho, kwa kuwa yuko darasa la tatu na bado anasoma kwa kubabaika, na mwalimu wake analalamika kwamba hatulii darasani. Nakujibu hadharani, bila kutaja jina lako wala la mtoto, kwa sababu hapa Dodoma wazazi wa watoto ninaowafundisha huniuliza swali hilohilo. Ombi langu ni kwamba usilipe kwanza. Mpeleke apimwe macho kikamilifu, ndipo tujue tunatibu nini.

Mazoezi hayo, ya kuzoesha macho mawili kukutana mahali pamoja, si uongo. Mtu anaposoma, macho yake mawili hugeuka kidogo kuelekea ndani ili yakutane kwenye neno moja, na wapo watoto ambao macho yao hushindwa kudumu hapo. Maneno huonekana mawilimawili au huonekana yanatembea, kichwa huuma, mstari hupotea, na mtoto akichoka huanza kuchezea kalamu, naye huitwa mtundu. Mtazame akiwa na kitabu: je, hufunika jicho moja kwa kiganja, au huinamisha kichwa upande mmoja kila baada ya mistari michache? Mpimaji atasogeza ncha ya kalamu taratibu kuelekea puani pake, na kwa mwenye tatizo hilo utaona jicho moja likiachia na kwenda nje wakati kalamu ingali mbali. Tatizo hilo lina tiba. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliohusisha watoto 221 wa miaka 9 hadi 17, asilimia 73 ya waliofanya mazoezi kliniki chini ya mtaalamu kwa wiki 12 na kuyaendeleza nyumbani walipona au kupata nafuu, ilhali kwa waliopewa mazoezi ya kuigiza tu, yanayofanana na ya kweli lakini yasiyotibu, walikuwa asilimia 35.

Ninachokataa ni ahadi kwamba mazoezi hayo yatamfundisha kusoma. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani, wa watoto 311 wenye tatizo hilohilo, ambao walitibiwa kwa wiki 16. Uwezo wa macho kukutana uliongezeka, lakini uwezo wa kuelewa walichosoma haukuwazidi wenzao waliopewa mazoezi ya kuigiza. Nao madaktari wa watoto na wa macho wa nchi hiyo walikwisha kutamka kwa pamoja mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi kuwa mazoezi ya macho au miwani ya rangi hutibu disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma, kwa maana chanzo chake hasa ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha.

Hapo nazungumza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kiswahili chetu huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma neno hadi mwisho bila kosa, lakini polepole mno. Mpe neno “wanakimbizana” atalivuta silabi kwa silabi, na akifika “na” ya mwisho, mwanzo umekwisha kumtoka. Mtoto huyo anahitaji kurudishwa kwenye sauti na silabi, kwa sauti ya kusikika, kila siku kwa muda mfupi, pamoja na mtu mvumilivu anayeketi naye. Kazi hiyo ni ngumu na haina njia ya mkato, na inaniuma kuona fedha ya mkulima ikienda kwingine wakati mtoto anaipoteza miaka yake ya kujifunza kusoma.

Lipo pia jambo dogo ambalo hupita bila kuonekana. Kwenu Kongwa watu wanaujua ugonjwa wa macho wa trakoma, na wamezoea kwamba jicho bovu ni jicho jekundu linalowasha. Jicho la mwanetu linaweza kuwa jeupe kabisa na bado likamsumbua. Asiyeona vizuri vitu vya karibu anaweza kulisoma bango la herufi lililo mita 6 mbele yake bila shida, akaambiwa ni mzima, kumbe kitabu kilicho mikononi ndicho kinachomchosha. Huyo huhitaji miwani, si mazoezi. Kwa hiyo usiondoke kabla hajapimwa uonaji wa karibu, na kabla hajawekewa matone yanayotanua mboni na kulegeza misuli ya jicho, maana watoto hujikaza wakati wa kupimwa, na vipimo hudanganya.

Kuhusu kutotulia, subiri kidogo. Ikiwa macho yatakutwa salama na bado hatulii shuleni, nyumbani na hata kanisani, hilo ni la daktari wa watoto.

Njoo naye wakati wa likizo, mlale kwangu. Tunaweza kwenda hospitali ya Mvumi, ambako wametibu macho kwa miaka mingi, au ya Benjamin Mkapa hapa mjini. Beba madaftari yake ya Kiswahili ya mwaka huu na wa jana, nami nitamsikiliza akisoma jioni kabla ya kwenda. Mletee na kofia, kwa sababu baada ya yale matone jua litamchoma macho, na kwa siku nzima hataweza kusoma chochote cha karibu.

Wako,
Wifi yako, Dodoma