Mizani ya Shairi Si "Ictus" ya Kilatini

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge rai ya mchangiaji mmoja wa ukurasa wenu wa mashairi, kwamba mizani ya utungo wa Kiswahili ndiyo ile ile waliyoiita Warumi ictus. Mizani ni hesabu ya silabi. Ictus ni pigo, na neno lenyewe latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupiga.

Chukua mshororo huu niliojitungia: "Jiji letu Nairobi, barabara zimejaa." Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani 8, utao, kipande cha pili, nao 8, na sidhani kuna malenga atakayeulaumu kwa hilo. Sasa usome kwa sauti: mkazo, ambao katika Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, unapiga mara tatu katika ukwapi (ji, le, ro) lakini mara mbili tu katika utao (ba, ja). Mizani imelingana, mapigo hayakulingana, na mshororo haukupinda popote.

Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1, alilitumia neno ictus kwa pigo la mguu au la kidole linalotenga vipindi vya wakati. Ushairi wa Kilatini wenyewe ulipimwa kwa urefu na ufupi wa silabi, hata wataalamu wangali wanabishana iwapo Warumi walilitilia pigo hilo mkazo wa sauti, ingawa mtaalamu wa Kiingereza Richard Bentley alikwisha kuliwekea alama katika tamthilia za Terence, mtunzi wa Kirumi, alizozichapisha mwaka 1726.

Sisi wa kwaya twalijua kwingine. Mkono wa kiongozi unaposhuka, ictus ni ile nukta unapogota hewani kabla ya kurudi juu. Na kwaya nyingi za mitaani kwetu huharibikia papo hapo, kwa kuwa kiongozi hupunga mkono mviringo usio na pa kugota, besi wakatangulia na soprano wakachelewa. Matabibu nao huita ictus cordis lile pigo la moyo linaloguswa kifuani upande wa kushoto, ilhali kwa Waitaliano na Wahispania ictus ni kiharusi.

Kiswahili nacho kina pigo la ngoma, la moyo na la msiba. Ikiwa ni lazima ictus itafsiriwe katika ukurasa wenu, naomba iitwe pigo, na mizani iachwe ihesabu silabi.

Mwalimu wa kwaya,
Nairobi