Pepa yako nimeisoma yote

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Hujambo na watoto? Mvua imekatika, nimekaa barazani hapa Chumbageni na pepa yako ya utafiti wa wavuvi, nimeisoma mara mbili, na nakwambia ukweli hesabu zako ziko sawa kabisa ila msomaji unamwacha njiani toka ukurasa wa kwanza. Unaanza na mlinganyo una alama sita, halafu n ni nini mtu anakuja kuambiwa ukurasa wa nne, sasa azishike zote kichwani mpaka lini? Sema kwanza kwa maneno, tulihesabu ngalawa zilizorudi asubuhi pale Deep Sea wanaposhusha samaki, ndo ulete n, yaani idadi yake. Na usianze sentensi na alama, n ndogo baada ya nukta mtu anadhani bado sentensi ileile.

Hiyo σ nayo umeiita mchepuko sanifu, yaani namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, halafu jedwali la pili imekuwa kitu kingine. Kosa hilohilo lilinirudishia pepa mimi, aliyekagua hakuelewa na alikuwa na haki, lakini nililia maana ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Kwenye takwimu ndo roho inaniuma zaidi. Umeandika asilimia 66.67 ya wavuvi wamebadilisha nyavu, nikatafuta weee nikakuta uliwauliza 6, yaani ni wanne tu. Andika 4 kati ya 6, hizo desimali zinampa mtu uhakika ambao we mwenyewe huna. Ile namba ya uwezekano nayo, p = 0.000, hamna, SPSS, ile programu ya takwimu, inaonyesha desimali tatu basi, andika p < 0.001. Na pale uliposema p = 0.03 maana yake nadharia tete ya nula, ile dhana kwamba hakuna tofauti yoyote, ina asilimia 3 ya kuwa kweli, futa shoga, p tunaipiga tukishachukulia kwamba nula ni kweli, ndo tunauliza data kama hizi au za kuzidi hapo zingetokea mara ngapi. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko 2016 na hilo limo. Halafu tofauti yenyewe ya samaki wanaovuliwa ni kilo ngapi kwa ngalawa, toka ngapi mpaka ngapi? Afisa uvuvi anataka kilo.

Kuandika upya usiogope. Paul Halmos, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1970 alishauri uandike sehemu ya kwanza na ya pili, urudi uziandike upya zote ndo uende ya tatu, kisha urudi tena mwanzo. Inachosha lakini mi imenisaidia sana.

Jumamosi njoo nayo imeprintiwa, nitapika wali wa nazi, tuanze na huo ukurasa wa kwanza.

Wako wa siku zote