Barua kwa wajukuu zangu mnaoingia kidato cha nne: likizo hii rudini kwenye moli

Wajukuu zangu wa Muhoroni, Chemelil, Ahero na Kisumu mjini,

Salamu nyingi. Nimefundisha kemia upande huu wa ziwa mpaka mvi zikanijaa, na ingawa chaki niliiweka chini, nyinyi hamjaacha kunijia. Tangu shule zifungwe, haipiti wiki kabla mmoja wenu hajabisha hodi na kitabu cha kidato cha nne mkononi, akiuliza aanzie wapi ili Januari imkute amewatangulia wenzake. Nimeona heri niwajibu nyote pamoja. Anzieni nyuma. Hicho kitabu kiwekeni kando kwanza, mfungue cha kidato cha tatu, sura ya moli, ile ya kuhesabu atomi kwa kuzipima.

Najua wengi mliipita sura hiyo mkiwa mmefumba macho, na lawama si yenu peke yenu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, muhula ulikuwa mfupi na silabasi ndefu. Nikaimaliza moli kwa wiki moja, nikawaambia wanafunzi wazikariri fomula. Wakazikariri barabara. Mwaka uliofuata niliwaandikia vijana wale wale swali la elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme, ubaoni. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa kimya, kalamu zimelala juu ya madaftari. Elektrolisisi yenyewe walikuwa wameielewa. Walikwama kwenye moli niliyowapitisha mbio. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote hii.

Basi tuizungumze taratibu. Nenda dukani kwa vifaa vya ujenzi ununue misumari. Mwenye duka hakuhesabii mmoja mmoja, anakupimia kilo. Fundi anajua kwamba kilo ya misumari ya inchi nne ina misumari michache kuliko kilo ya inchi mbili, kwa kuwa kila msumari ni mzito zaidi. Ukishajua uzito wa msumari mmoja, mizani inakufanyia kazi ya kuhesabu. Atomi nazo ni vivyo hivyo. Ni ndogo mno kuhesabika, basi tunazipima. Gramu 12 za kaboni, gramu 23 za sodiamu na gramu 63.5 za shaba zina uzito tofauti, lakini idadi ya atomi ni ile ile: 6.02 × 10²³. Kiasi chenye idadi hiyo ndicho tunachokiita moli moja. Idadi yenyewe ina jina la Avogadro, Mwitaliano aliyetoa wazo lake kuhusu gesi mwaka 1811, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuijua. Jina hilo ilipewa karibu miaka mia moja baadaye na Mfaransa Jean Perrin.

Sasa twendeni Koru, si mbali na hapa kwangu, wanakochoma mawe ya chokaa. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, na moli yake moja kwa gramu ni hivi: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48, jumla 100. Likiingia tanurini, kaboni dayoksaidi inatoka na 44 yake, na chokaa inayobaki ni 56. Kwa hiyo tani moja ya mawe safi inakupa kilo 560 za chokaa, na kilo 440 zimepaa hewani. Hesabu hiyo ifanyeni bila kuchungulia kitabu. Kisha igeuzeni: ukitaka kilo 280 za chokaa, utachoma mawe kiasi gani? Anayeweza kwenda na kurudi namna hiyo, moli ameishika. Anayeweza kwenda tu, bado.

Mtauliza haya yanahusiana vipi na kidato cha nne. Tazameni. Umeme wa ampia 2 unapita katika mmumunyo wa salfeti ya shaba kwa sekunde 965. Zidisha, upate kulombi 1930, yaani kiasi cha umeme uliopita. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,500, kwa hiyo zimepita moli 0.02 za elektroni. Kila ioni ya shaba inachukua elektroni mbili, basi shaba iliyoganda kwenye elektrodi ni moli 0.01, yaani gramu 0.635. Kipya hapo ni mstari mmoja tu, ule wa kulombi. Mingine yote mliifundishwa kidato cha tatu. Titresheni, ile ya kudondosha asidi kwenye alkali mpaka zimalizane, ni hivyo hivyo. Joto la mmenyuko pia ni hivyo hivyo, mnapoulizwa kilojuli kwa kila moli.

Kemia ya kaboni msiihofu sasa. Ni ya kukaa nayo kidogo kidogo, na mwalimu wenu atawafikisha.

Karatasi ya tatu ya mtihani wa kemia wa kidato cha nne, ile ya maabara, ina alama 40, na humo naona watoto werevu wakipoteza alama za bure. Mmoja anaisoma bureti, lile bomba lenye alama za kupimia, akiwa amesimama wima, jicho likiwa juu ya mstari wa maji. Mara ya kwanza anaandika 24.5, mara ya pili 24.50. Likizo hii chora lile jedwali la titresheni mara kumi, mpaka mkono uzoee kujaza nafasi zote na kuandika desimali kwa mtindo mmoja.

Kuhusu muda, siwadai kutwa nzima. Kuna mahindi ya kuvuna na ng'ombe wa kuchunga, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo saa zenu ni zenu. Amkeni alfajiri mfanye maswali mawili kwa siku, yaandikwe yote pamoja na vizio vyake. Nanyi wazazi, nawasihi: binti akishaketi na daftari lake alfajiri, msimwinue kwenda kuwasha moto wa chai kabla saa yake haijaisha. Kaka yake naye ana mikono.

Vya kujaribia vipo jikoni, ila jambo moja nawakataza kabisa: msichanganye Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi. Hapo hutoka klorini, na klorini huunguza mapafu.

Siki peke yake haina neno. Chukua ganda la yai, nalo ni kalsiamu kaboneti kama jiwe la Koru, ulitumbukize katika glasi ya siki. Andika unachokiona baada ya dakika tano, jioni, na kesho yake asubuhi. Viputo vikikoma na ganda bado lipo, tafuta kwa hesabu ni kipi kilichotangulia kuisha. Madaftari hayo nileteeni Jumamosi. Nitakuwa chini ya mwembe kuanzia saa nane mchana.

Ni mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu wa kemia, Muhoroni